Leta (serikali) ilipie nini? Kuomba fedha za umma kwa matibabu yasiyo ya kawaida, ukiwa Lubumbashi

Barua nyingi zinazomwomba gavana au waziri amlipie mgonjwa hufia mezani kwa sekretari. Si kwa sababu ya moyo mgumu peke yake, ingawa huo nao upo. Barua imepelekwa kwa mtu asiye na mfuko wa jambo lile, inaomba kitu ambacho kisheria ni cha mwingine kukilipa, na haitaji kiasi. Familia imejieleza vizuri: watoto saba, baba hana kazi, nyumba ya kupanga kule Kampemba, mgonjwa haamki. Yote ni kweli. Ila kwenye bajeti hakuna mstari unaoitwa huruma.

Tuanze na kilicho cha kawaida, maana huwezi kuomba kisicho cha kawaida bila kujua mpaka uko wapi. Kongo imegawanywa katika zoni za afya 519. Kila zoni ina vituo vyake vya afya na hospitali yake kuu ya rufaa. Kituo kinatakiwa kutoa kile ambacho karatasi za wizara zinakiita "paquet minimum": chanjo, malaria, kuhara, mama kujifungua bila tatizo. Hospitali ya rufaa inaongeza "paquet complémentaire": kujifungua kwa kupasuliwa, kuongezewa damu, upasuaji wa kawaida, picha, maabara. Juu yake kuna hospitali za ngazi ya jimbo na za chuo kikuu. Hapa kwetu ni Sendwe na Cliniques universitaires. Kusafishwa damu kwa mashine, mionzi ya saratani, upasuaji wa moyo wa mtoto, kubadilishwa nyonga, dawa za saratani za bei ya kutisha: hivi viko nje ya paketi zote mbili.

Sasa, kitu kuwa ndani ya paketi hakumaanishi kwamba ni bure. Maana yake ni kwamba hospitali inatakiwa iweze kukifanya. Malipo bado ni ya mgonjwa. Cha bure ni kidogo, na kila cha bure kina anayekilipia nyuma: dawa za VVU na za kifua kikuu zinatoka kwa sehemu kubwa kwenye pesa za Mfuko wa Dunia, na mpango wa afya kwa wote ambao serikali iliuzindua Kinshasa mwezi Septemba 2023 ulianza na uzazi na mtoto mchanga, ukianzia huko huko Kinshasa.

Kwa hiyo kuna wagonjwa wa aina mbili, na barua zao hazifanani. Mama aliyepasuliwa akajifungua salama, kisha akazuiliwa wodini kwa sababu ya deni, tiba yake ni ya kawaida kabisa. Kinachomkosa ni makuta, yaani pesa. Mtoto mwenye tundu moyoni, hata baba yake angekuwa na makuta mfukoni, hapa mjini hatapata wa kumfungua kifua kila siku ya juma. Wa kwanza anaomba asaidiwe kulipa. Wa pili anaomba serikali inunue tiba ambayo haimpi mtu yeyote kwa kawaida. Ofisi zinazoshughulika nao ni tofauti, na karatasi zao ni tofauti. Ukiandika barua inayochanganya yote mawili, kila ofisi itakuambia uende kwa ile nyingine, na zote mbili zitakuwa zimesema kweli.

Kuhusu haki yenyewe: Katiba ya 2006, kifungu cha 47, inasema haki ya afya inalindwa. Sheria namba 18/035 ya Desemba 2018 imepanga mambo ya afya ya umma nchini. Watu wanazitaja sana katika barua zao, na si vibaya kuzitaja. Lakini hakuna mahali sheria hizo zinaposema kwamba fulani bin fulani akiugua figo, Leta itampa tiketi ya kwenda Delhi. Haki ipo kwa wote kwa ujumla; pesa hutoka kwa jina la mtu na kwa mstari wa bajeti.

Kabla ya kumgusa gavana, kuna swali ambalo familia nyingi za Lubumbashi hulipita mbio: je, kuna mtu ambaye tayari anatakiwa kulipa? Mji huu ulijengwa na kampuni. Enzi za Union Minière, kampuni ya migodi ya shaba, na baadaye Gécamines, mfanyakazi hakuwa na haja ya kujua neno bajeti. Kampuni ilikuwa na hospitali, maziwa ya mtoto, shule na hata unga. Kisha ukaja mwaka 2003, wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines wakaondoka katika mpango ulioitwa "départs volontaires", kuondoka kwa hiari, na matibabu yakaondoka pamoja na kazi. Kizazi hicho na watoto wake ndio wanaoandika barua nyingi leo. Wanaiandikia serikali kwa sauti ile ile waliyozoea kuisemesha kampuni, kana kwamba inawajua kwa namba ya kazi.

Lakini kwa aliye kazini bado, mlango wa kwanza ni mwajiri. Sheria ya kazi ya Oktoba 2002, iliyorekebishwa 2016, inamtaka mwajiri ampatie mfanyakazi, mke wake na watoto wake matibabu, dawa, upasuaji na hospitali. Haisemi kwamba kampuni ndogo iliyopewa kazi na mgodi imesamehewa. Hao ndio wanaosumbua: boni, ile karatasi ya mwajiri ya kwenda kutibiwa, inatolewa kwa malaria, na ugonjwa ukiwa mkubwa wanasema "hilo liko nje ya mkataba wetu na kliniki". Mkataba wao na kliniki ni wao na kliniki. Hapo barua yako haiendi kwa gavana, inakwenda Inspection du travail, ofisi ya ukaguzi wa kazi, ikiambatana na nakala ya mkataba wa kazi, karatasi ya mshahara, na ile boni iliyokataliwa. Jibu la kukataa lililoandikwa lina nguvu kuliko masimulizi ya mdomo, hivyo muombe mtu wa ofisi aandike sababu nyuma ya boni. Wengine hugoma. Waandikie wewe barua fupi ukisema "siku fulani mlinikatalia kwa mdomo", na uache nakala yenye muhuri wao.

Kisha kuna CNSS, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, na hapa uvumi ni mwingi. Watu wanakatwa kila mwezi na wanadhani wamelipia hospitali. Sheria ya Julai 2016 inayoongoza CNSS ina matawi matatu: posho za familia, ajali na magonjwa ya kazini, na pensheni. Ugonjwa wa kawaida haumo. Saratani ya shingo ya uzazi haimo. Kisukari hakimo. Lakini mzee aliyefanya kazi chini ya ardhi miaka mingi na sasa anakohoa vumbi, huyo anaweza kuwa na ugonjwa wa kazini, na ugonjwa wa kazini umo. Tofauti inakaa kwenye neno moja la daktari. Akiandika "bronchite chronique" (mkamba sugu) basi, mzee ni mgonjwa kama wagonjwa wengine. Akiandika kwamba ni "maladie professionnelle", akaeleza kazi na miaka, na ugonjwa ukatangazwa kunakotakiwa, mfuko unabadilika. Nimeona familia zikichangishana kwa mwaka mzima kwa ajili ya kifua cha mzee bila mtu kumuuliza daktari swali hilo.

Walimu wana mutuelle yao, yaani mfuko wa kusaidiana kwa matibabu, iitwayo MESP. Mtumishi wa Leta ana haki ya matibabu katika sheria ya watumishi wa 2016, na anayeitegemea sheria hiyo peke yake atajua mwenyewe ilivyo nyepesi mfukoni; hata hivyo anapoomba msaada, ombi lake lipite kwa mkuu wa idara yake, si kama maskini wa barabarani.

Ukishapita hapo na kukuta hakuna mwenye wajibu, ndipo unafika kwenye mfuko wa umma wenyewe.

Kwa asiye na kitu kabisa, njia inaanzia chini: mkuu wa mtaa, komine (manispaa), kisha Affaires sociales, ofisi ya ustawi wa jamii, ili apate "attestation d'indigence", karatasi inayothibitisha ufukara wake. Ina kazi yake, hasa kwa yule mgonjwa wa aina ya kwanza, aliyekwama kwa deni. Kwa tiba isiyo ya kawaida haitoshi hata kidogo, kwa sababu inajibu swali la nani ni maskini, wakati mtu wa bajeti anauliza: kwa nini tiba hii, kwa nini huyu, kwa kiasi gani, na alipwe nani?

Kinachofuata ni kirefu kidogo lakini ndicho kinachoua matumaini ya watu, kwa hiyo tukae nacho. Sheria ya fedha za umma ya Julai 2011 inapitisha kila malipo ya Leta katika hatua nne. Kwanza engagement, yaani ofisi inafunga ahadi ya matumizi kwenye mstari fulani wa bajeti. Pili liquidation: deni linahakikiwa na kiasi kinathibitishwa. Tatu ordonnancement, amri ya kulipa. Nne, malipo. Sahihi ya waziri wa afya inayosema "accord" (nimekubali) pembeni mwa barua yako haimo katika hatua hizo nne. Ni ruhusa ya kuanza. Watu wanapiga picha ya sahihi hiyo, wanaituma kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, wanaacha kuchangishana, na miezi inapita. Mgonjwa anafariki akiwa "amekubaliwa".

Kutokana na mpangilio huo yanatokea mambo mawili. La kwanza, matumizi hufungwa kabla ya kufanyika. Ukishatibiwa na kubaki na deni, unaiomba serikali ilipe kitu ambacho haikukiahidi, na mkaguzi ana sababu ya kukataa. Ni jambo gumu kumwambia mtu ambaye mtoto wake alipelekwa usiku, lakini ombi linalotumwa kabla, hata siku moja kabla, lina nafasi ambayo ombi la baada halina. La pili, lazima kuwe na kiasi na kuwe na wa kulipwa. Hapo ndipo profoma inapoingia: hospitali itakayotibu iandike kwa karatasi yake, kwa jina la mgonjwa, kila kitu na bei yake, akaunti ya benki, na tarehe ya mwisho ya bei hizo. Profoma iliyoandikwa "traitement complet: 9,000 $" bila maelezo ni kama hundi isiyo na sahihi.

Jimbo nalo lina bajeti yake, inayopitishwa na bunge la jimbo, na ndani yake kuna fungu la misaada. Gavana anaweza kuligusa kwa haraka kuliko Kinshasa, ambako ni zaidi ya kilomita 1,500 kutoka hapa. Kwa hiyo matibabu yanayoweza kufanyika Lubumbashi au Likasi, omba jimboni. Ya nje ya nchi yana gharama na idhini za madaktari ambazo kwa kawaida huishia wizarani Kinshasa. Kuyaombea jimboni peke yake ni kujichosha.

Sasa dossier yenyewe, yaani faili la ombi. Nunua farde, jalada la karatasi, si bahasha. Bahasha hufunguliwa na kupotea, farde huhifadhiwa. Weka barua ya ukurasa mmoja, ripoti ya daktari, majibu ya vipimo, profoma, nakala ya kitambulisho, na ushahidi kwamba umegonga milango iliyotangulia: mwajiri amekataa, CNSS haihusiki, mutuelle haifiki. Tengeneza mbili. Moja inabaki ofisini. Ya pili inapigwa muhuri wa mapokezi, tarehe na namba kama ilivyo katika rejista. Hiyo ndiyo accusé yako, ushahidi kwamba barua imepokelewa. Sekretari akikuambia "acha tu, mama, nitampelekea mheshimiwa", mshukuru na usubiri muhuri. Bila namba, barua yako haijawahi kuwepo.

Ripoti ya daktari ndiyo roho ya dossier, na mara nyingi ndiyo mbovu kuliko vyote. Hospitalini daktari ana foleni, anaandika mistari mitatu: mgonjwa ana hali mbaya, anahitaji kupelekwa nje, tafadhali msaidieni. Hakuna mtu anayeweza kuamua kwa hiyo.

Hapa inasaidia kutazama nchi ambayo imeandika sheria zake za jambo hili hadi mwisho. Uingereza, NHS, huduma ya afya ya taifa, inawatibu wakazi bila kuwatoza kitandani, lakini nao wana orodha, na kuna tiba nyingi ambazo hazimo. Kwa mgonjwa mmoja mmoja kuna ombi maalumu, na wa kulipeleka ni daktari. Mgonjwa hakai mbele ya kamati. Kamati inauliza kitu kimoja kikubwa: huyu anatofautianaje na wagonjwa wengine wa ugonjwa ule ule, katika hatua ile ile, kiasi kwamba tiba hii itamfaa yeye zaidi kuliko wao? Kuwa na watoto wadogo, kuwa mwalimu mpendwa, kuwa tegemeo la ukoo mzima, havihesabiwi. Kwa masikio yetu ni ukatili. Mimi nadhani una haki ndani yake: mwenye watoto saba hampiti asiye na mtoto, na mwenye kujua kulia hampiti aliye kimya. Kwetu kamati ya namna hiyo haikuwekei swali mezani, na mara nyingi swali halisi ni "unamjua nani?" Lakini daktari mshauri anayesoma ripoti yako, kama yupo, anafikiri kwa njia ile ile, kwa sababu ndivyo madaktari walivyofundishwa kufikiri.

Tuseme mama mmoja wa Katuba ana mtoto wa SS, yaani mwenye selimundu. Ripoti ya kawaida itasema: "Mtoto wa miaka 9, drépanocytaire, huugua mara kwa mara, mzazi hana uwezo, anaomba msaada wa dawa." Ukimshika daktari kwa dakika ishirini na daftari la mtoto mkononi, ripoti ile ile inaweza kusema: "Mtoto wa miaka 9, SS iliyothibitishwa kwa kipimo, amelazwa mara 6 katika miezi 12, ameongezewa damu mara 4. Folic acid na kinga ya malaria zimetumika bila kukosa, maumivu yameendelea. Tunaomba haidroksiurea kwa miezi 12, kipimo cha damu kila mwezi mwanzoni, gharama kama ilivyo kwenye profoma. Tutaendelea kama kulazwa kumepungua. Tutaacha kama chembe za damu zimeshuka." Hali ya mtoto ni ile ile. Ila ripoti ya pili inaeleza kilichojaribiwa, kinachoombwa, kwa muda gani, na lini serikali itaacha kulipa. Hilo la mwisho huwapa watu wa bajeti usingizi mzuri. Hawaogopi kutoa kama wanavyoogopa kutoa bila mwisho.

Ndiyo maana wagonjwa wa figo wanapata shida kuliko wote. Kusafishwa damu ni mara 3 kwa wiki, saa nne nne, yaani vipindi 156 kwa mwaka, na mwaka ujao tena. Msaada wa gavana wa mara moja unanunua wiki chache. Familia ikiomba "alipiwe dialisisi", hakuna atakayesaini. Ikiomba vipindi vya miezi mitatu wakati mtoaji wa figo anapimwa, yaani ombi lenye mwanzo na mwisho, inazungumzika. Kama hakuna mtoaji wala upandikizaji unaotarajiwa, ni bora daktari aiambie familia ukweli huo kabla haijauza kiwanja.

Rudi kwa yule mtoto wa SS. Huko Uingereza ombi la namna yake, kwa tiba isiyo kwenye orodha, lingeweza kukataliwa kwa sababu inayoonekana ya ajabu: wako wengi kama yeye. Wakiwa wengi si suala la mtu mmoja tena, ni suala la kubadilisha orodha. Nadhani sisi ndio tunaohitaji somo hilo zaidi yao, maana Lubumbashi hakuna mtaa usio na mtoto wa SS. Haidroksiurea haiko mbali na ya kawaida. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika orodha yake ya mfano ya dawa muhimu. Barua mia za akina mama mia kwa gavana zitatoa, bahati ikiwepo, chupa chache kwa watoto wachache wenye mjomba ofisini. Barua moja ya madaktari na chama cha wazazi kwa daktari mkuu wa zoni na kwa Division ya afya ya jimbo, ikiwa na idadi ya watoto wanaofuatiliwa na hesabu ya dawa kwa mwaka, inaomba kitu tofauti: dawa iingie katika mahitaji ya zoni na inunuliwe kwa pamoja kupitia CAMELU, ile centrale inayosambaza dawa muhimu hapa kwetu. Ni kazi ya polepole na haina picha ya kupiga na mheshimiwa. Bei ya kununua kwa jumla, hata hivyo, si ile ya famasi ya kona.

Kwa saratani, njia ya wengi ni kusini. Kasumbalesa iko kama kilomita 90 kutoka hapa, na Lusaka kuna hospitali ya saratani iliyofunguliwa 2007. Kwa fedha za umma mambo matatu husahaulika: profoma ya Lusaka haihesabu malazi wala chakula cha anayemsindikiza, na mionzi hutolewa kwa wiki kadhaa; karatasi za mgonjwa zitahitaji kutafsiriwa kwa Kiingereza, na vioo vya maabara vyenye nyama iliyopimwa viende pamoja naye, si ripoti tu; na daktari wa Lubumbashi atakayempokea akirudi lazima atajwe kwa jina kwenye dossier. Mkaguzi akiona hakuna wa kumfuatilia, anajua pesa itamwagika kwenye mchanga.

Pesa ikitoka, ilipwe hospitali moja kwa moja, hata kama mheshimiwa anataka kumkabidhi mzee wa familia bahasha mbele ya kamera. Bahasha hugawanyika njiani, na ombi la pili la familia hiyo litaulizwa la kwanza liliishia wapi. Na kwa kuwa safari ya karatasi huchukua muda mrefu kuliko bei za hospitali zinavyodumu, angalia tarehe ya mwisho kwenye profoma. Ikikaribia, omba nyingine kabla ofisi haijaiomba, ipeleke pamoja na nakala ya accusé ya kwanza, na usikubali kufunguliwa dossier mpya: namba ibaki ile ile, au utarudishwa mwanzo wa foleni.